Biashara Ndogo na Miti ya Asili: Tuchukue, Turudishe

Wahenga walisema, "Fuata nyuki ule asali." Methali hii twaijua sote tangu utotoni. Lakini haisemi nyuki naye anafuata nini. Nyuki hufuata maua. Na maua ya huku kwetu, mengi yako juu ya miti ya porini: mtundu, myombo, muva na mingineyo. Mti ukikatwa, ua hakuna. Ua likikosekana, nyuki anahama. Nyuki akihama, mwenye mzinga anabaki na mzinga mtupu, na mwenye kibanda cha asali kule stesheni anabaki na chupa tupu.

Katika somo hili tutazungumza juu ya biashara ndogo za Igalula na vijiji vya jirani, na jinsi zinavyoweza kurudisha miti ya asili ili wadudu, ndege na wanyama wapate tena makazi yao. Tutajifunza mambo manne:

1. Mti wa asili ni upi, na nani anaishi humo.
2. Biashara zipi zinakula msitu, na zipi zinauhitaji.
3. Jinsi ya kurudisha miti bila gharama kubwa.
4. Hesabu ya fungu la msitu.

Someni kidogo kidogo. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, kisha mjadiliane.

BIASHARA YA ZAMANI ILIYOPITA HAPA

Igalula iko katika Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, kwenye Reli ya Kati. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla ya hapo watu walipita kwa miguu. Njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walivuka pori la Mgunda Mkali lililokuwa halina maji, wakaingia Unyamwezi kwa Tura, wakapita Rubuga na Kigwa, hata wakafika Unyanyembe, ambako ndiko Tabora ya leo. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857. Stanley alipita mwaka 1871. Tura na Kigwa tunazijua mpaka leo.

Je, misafara hiyo ilibeba nini kwenda pwani? Ilibeba pembe za ndovu. Pia ilipeleka watu waliotekwa na kufanywa watumwa, jambo ambalo ni aibu kubwa ya biashara ile. Kwa upande wa pembe, tembo waliuawa mwaka hadi mwaka. Walipokwisha karibu, wawindaji na wafanyabiashara walizidi kwenda mbali, mpaka wakavuka Ziwa Tanganyika kutafuta pembe kule Kongo.

Hiyo ndiyo biashara kubwa iliyowahi kupita nchi yetu. Ilichukua, haikurudisha. Kitu kimoja kizuri kilichobaki kwenye njia ile ni miembe. Mpaka leo, Tabora na Ujiji, watu hupumzika chini ya miembe ya zamani. Tunashukuru kwa kivuli na matunda. Lakini mwembe mmoja mmoja haukuweza kurudisha pori wala tembo.

Baada ya reli kuja ikafuata biashara ya nta, ya mbao, kisha ya tumbaku. Leo ziko biashara nyingi ndogo ndogo mikononi mwetu wenyewe. Safari hii hatuwezi kumlaumu mgeni. Mwenye panga ni sisi, na mwenye mbegu ni sisi.

MTI WA ASILI NI UPI?

Mti wa asili ni ule ambao ulikuwapo hapa kabla mtu hajauleta kutoka nchi nyingine. Wengine hudhani kila mti tunaouona kila siku ni wa asili. Kumbe sivyo. Mwembe ulitoka Asia. Mwarobaini na mjohoro nayo ilitoka Asia. Mkaratusi ulitoka Australia. Hiyo yote ni miti migeni, hata kama babu zetu waliikuta.

Miti yetu ya asili ni kama hii: mtundu, myombo, muva, mninga, mkurungu, mkora, mbula, mtonga, mkwaju, mfuru na mbuyu. Majina hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo ulizeni wazee. Msitu wa namna hii huitwa msitu wa miombo. Jina hilo linatokana na mti wetu wa myombo. Msitu wa miombo unaanzia hapa Tanzania na kwenda mpaka Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, kusini mwa Kongo na Angola. Wataalamu wa dunia nzima, hata wanapoandika kwa lugha zao, hulitumia neno hilo hilo letu: miombo.

Je, miti migeni ni mibaya? Hapana. Mkaratusi hukua upesi, na ukipandwa shambani kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku, unaokoa mtundu na mninga. Nyuki nao huenda kwenye maua yake. Tatizo ni kudhani kuwa shamba la mikaratusi ni msitu. Mikaratusi ina kazi yake, ipandwe mahali pake, mbali na visima na vijito kwa sababu hunywa maji mengi. Lakini pori la wanyama halirudi kwa mikaratusi peke yake.

NANI ANAISHI KATIKA MSITU WA MIOMBO?

Tutazame mtundu mmoja mkubwa. Majani yake huliwa na viwavi. Viwavi huliwa na ndege. Maua yake hutoa asali. Tawi kuu likioza ndani, hufanyika pango. Humo hukaa nyuki, au hondohondo hutaga mayai, au komba hulala mchana. Chini yake huota uyoga wakati wa mvua. Nyasi zilizo kivulini huliwa na funo na swala. Mti mmoja una wapangaji wengi kuliko nyumba ya kupanga ya mjini.

Miti ya matunda nayo ina kazi. Tumbili, nyani na ndege hula mbula, matonga na furu, kisha hubeba mbegu na kuziangusha mbali. Mbuyu huchanua usiku, na popo wanaokula matunda huja kunywa utamu wa ua na kubeba chavua kutoka mbuyu mmoja hadi mwingine. Ukifukuza popo wote, usishangae mibuyu ikikosa kuzaa vizuri.

Yuko pia yule ndege mdogo anayemwita mrina asali na kumwongoza mpaka kwenye mzinga wa porini. Yeye hupenda nta na wadudu wachanga wa nyuki, lakini kuupasua mti hawezi. Mtu anaweza kuupasua, lakini kuuona mzinga ni shida. Basi wakashirikiana. Mpaka leo Wahadza wa Ziwa Eyasi bado humfuata ndege huyo. Huu ni ushirika wa kale kabla ya vyama vyetu vya ushirika.

Wanyama wakubwa nao wanauhitaji msitu huu. Palahala na korongo ni wanyama hasa wa miombo. Upande wa kusini magharibi wa mkoa wetu kuna Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Kusini mashariki kuna mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Mnyama hajui mpaka wa ramani. Akitoka nje ya hifadhi akakuta vichaka na miti, anapita salama. Akikuta mashamba matupu, anaishia shambani mwa mtu, ugomvi unaanza.

BIASHARA ZINAZOKULA MSITU

Tuseme kweli bila kufichana. Msitu wetu unaliwa na kazi zetu za kila siku.

Tumbaku. Mkoa wa Tabora unaongoza kwa tumbaku nchini. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto ndani ya bani kwa siku kadhaa, usiku na mchana. Kuni zinazoingia humo si mchezo. Na kabla ya kuni, shamba lenyewe lilifyekwa msituni.

Mkaa. Gunia linalopakiwa kwenda mjini linaondoka na miti iliyokua miaka mingi. Mchomaji anapata kidogo, barabarani wanapata zaidi, na kijiji mara nyingi hakipati kitu.

Mbao. Kila mtu anataka kitanda cha mninga. Mninga umekuwa adimu, nao ndio unaotafutwa zaidi.

Mizinga ya magome. Hapa warina asali tusikasirike. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kubandua gome la mti kuuzunguka. Mti uliobanduliwa hivyo hufa. Kwa hiyo mzinga mmoja wa gome ni mti mmoja uliokufa, na mara nyingi ni mti ule ule uliokuwa unatoa maua! Mzinga wa mbao ni afadhali, maana mti mmoja hutoa mbao za mizinga mingi, nayo hudumu miaka mingi.

Moto. Huu hauna biashara wala faida, lakini huua kuliko shoka. Tutaurudia.

BIASHARA ZINAZOUHITAJI MSITU

Sasa tuzihesabu biashara zinazokufa msitu ukifa. Ya kwanza ni asali na nta. Tabora ni nchi ya asali tangu zamani. Chama cha Ushirika cha Wafuga Nyuki Tabora kilianzishwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru. Chuo cha ufugaji nyuki nacho kiko Tabora.

Ya pili ni matunda ya porini. Katika miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha kilimo cha Tumbi, Tabora, wakishirikiana na kituo cha kimataifa cha kilimo-mseto, ICRAF, waliwafundisha akina mama wa vijijini kutengeneza juisi, jamu na divai kwa matunda ya miti ya miombo. Matunda ambayo watoto walikuwa wakiyala njiani tu yakawa bidhaa ya kuuzwa.

Ya tatu ni uyoga. Akina mama huuchuma mwanzo wa mvua na kuuza kando ya barabara. Ya nne ni dawa za miti shamba. Ya tano ni useremala. Ya sita ni mama ntilie na muuza chipsi wanaopikia kuni au mkaa. Hata mwenye genge la maji baridi pale stesheni, wateja wake ni wakulima na warina asali. Wakikosa mavuno, naye hauzi.

Basi ukitazama vizuri, karibu kila biashara ndogo ina deni kwa msitu. Tunakopa kila siku. Swali ni moja: tunalipa lini?

KURUDISHA MSITU: ANZA NA KISIKI

Watu wengi wakisikia "kurudisha msitu" hufikiri miche elfu kumi, gari la maji na sherehe yenye mgeni rasmi. Sherehe ikiisha, mbuzi wanakula miche. Sisi tuanze na njia rahisi.

Miti ya miombo haifi upesi ikikatwa. Kisiki cha mtundu, myombo au muva huchipua. Mizizi nayo huchipua. Shamba la tumbaku lililoachwa, kama visiki havikung'olewa, lina msitu uliolala chini ya udongo. Unachotakiwa ni kuuamsha na kuulinda. Fanya hivi:

1. Tenga eneo, hata likiwa eka moja tu. Weka alama ambazo jirani anaziona.
2. Katika kila kisiki, chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu. Mengine punguza kwa panga kali. Fito hizo zitatumika nyumbani.
3. Zuia mifugo isile machipukizi katika miaka ya mwanzo. Zungumza na wafugaji mapema, mpatane kwa heshima juu ya njia za ng'ombe. Msingoje mpaka ng'ombe wameingia.
4. Lima kinga ya moto kuzunguka eneo, upana wa hatua tano au zaidi.
5. Acha miti mikubwa ya mbegu. Acha na mti mkavu wenye pango kama hauhatarishi nyumba. Hiyo ni nyumba ya hondohondo na nyuki.

Juu ya moto, msikilize habari hii. Huko Ndola, nchini Zambia, kuanzia miaka ya 1930, wataalamu waligawa msitu wa miombo katika vipande. Kipande kimoja kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa kavu kabisa. Kingine kilichomwa mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi. Kingine hakikuchomwa. Baada ya miaka mingi, kile cha moto wa mwishoni kiligeuka mbuga ya nyasi. Kile cha moto wa mapema kilibaki na miti. Kile kisichochomwa kikawa msitu mnene. Kilichovitofautisha vipande hivyo si shoka. Ni moto tu.

Kwa hiyo, kama lazima kuchoma, ichomwe mapema, Mei au Juni, kwa idhini ya serikali ya kijiji, siku isiyo na upepo, na wenye mizinga wapewe habari. Moto wa Septemba na Oktoba ndio adui. Wakati huo miti inatoa majani mapya na maua, na ndio wakati nyuki anapoanza kazi.

LINI TUPANDE MICHE?

Tunapanda pale ambapo visiki vimeng'olewa, kando ya vijito, na pale ambapo miti ya thamani imekwisha kabisa. Mambo ya kuzingatia ni haya:

Mbegu. Zikusanywe kwa miti mingi, zisitoke kwa mti mmoja tu, ili miche isiwe ya tumbo moja. Usichume matunda yote. Waachie ndege na wanyama, maana wao pia ni wapandaji, tena hawadai posho. Mbegu za mkwaju zina ganda gumu: zikwaruze kidogo, uziloweke usiku mmoja kabla ya kusia.

Udongo. Hii ni siri ambayo wengi hawaijui. Unapojaza viriba vya mtundu, myombo au muva, changanya udongo kidogo uliochotwa chini ya mti wa aina hiyo hiyo porini. Ndani ya udongo huo kuna nyuzi nyembamba za uyoga. Nyuzi hizo hushikana na mizizi, huuletea mti maji na chakula cha ardhini, na mti nao huulisha uyoga. Ndiyo maana uyoga mwingi tunaochuma huota chini ya miti hiyo. Mche usio na rafiki huyo hudumaa.

Wakati. Kitalu kianze Julai au Agosti. Miche ipandwe mvua zinapokolea, Novemba au Desemba, ili ipate miezi ya mvua mpaka Aprili.

Mninga. Huu ni mti wa kuvumilia. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo, sehemu ya juu ya mninga mchanga hukauka kila kiangazi. Mtu akiuona husema umekufa, anaung'oa. Kumbe chini unajenga mzizi mnene. Mvua zikija unachipua tena. Siku mzizi ukishiba, unapanda juu moja kwa moja. Basi msing'oe mininga iliyokauka. Weka kijiti cha alama, ungoje.

HESABU YA FUNGU LA MSITU

Haya, tuchukue kalamu na karatasi. Msitu unahitaji fedha kidogo na kazi ya mikono. Fedha hiyo inaweza kutoka katika biashara yenyewe kama tutaiweka kando tangu mwanzo, kabla haijaingia mfukoni. Tuiite fungu la msitu. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Badilisheni kwa bei za kwenu.

Mfano wa kwanza: Kikundi cha nyuki. Kina watu 10, na kila mtu ana mizinga 4.

Mizinga yote: 10 × 4 = 40.
Tuseme nyuki wameingia mizinga 30, na kila mzinga umetoa kilo 10.
Asali yote: 30 × 10 = kilo 300.
Tuseme kilo moja imeuzwa shilingi 8,000.
Mauzo: 300 × 8,000 = shilingi 2,400,000.
Fungu la msitu, shilingi 5 katika kila 100: shilingi 120,000.

Fedha hiyo itafanya nini? Tuseme panga na mafyekeo shilingi 40,000. Viriba na mbegu shilingi 30,000. Chakula cha siku za kazi ya kinga ya moto shilingi 50,000. Jumla 120,000. Kila mwanachama amechangia shilingi 12,000 kwa msimu, na bado kikundi kimebaki na shilingi 2,280,000.

Mfano wa pili: Seremala. Kwa kila kitanda anachouza anaweka shilingi 1,000. Akiuza vitanda 40 kwa mwaka, ameweka shilingi 40,000. Yeye hana muda wa kwenda porini? Awape kikundi cha nyuki fedha hiyo, nao wamtunzie mininga. Huo ndio ushirikiano.

Fungu liandikwe katika daftari, kila mwezi lisomwe mbele ya wanachama. Atunzaye fedha asiwe ndiye aandikaye daftari. Kama mna kikundi cha kuweka na kukopa, fungu la msitu liwe na sanduku au ukurasa wake peke yake. Likichanganywa na fedha nyingine litakopwa, na msitu hauwezi kuja kudai.

JIRANI ZETU WA SHINYANGA

Je, jambo hili limewahi kufanikiwa? Ndiyo, tena karibu. Zamani za ukoloni miti mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kufukuza mbung'o. Yakafuata mashamba ya pamba na mifugo mingi. Nchi ikawa tupu, watu wakatembea mbali kutafuta kuni. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI.

Mpango ulipoanza, wataalamu waliwasikiliza wenyeji. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kutenga malisho yapumzike mpaka kiangazi. Desturi hiyo ikafufuliwa. Visiki vikachipua. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Watafiti waliohesabu walikuta humo aina 145 za ndege. Watu wakapata kuni, fito, nyasi za kuezekea, dawa, matunda na asali, wakatumia nyumbani na kuuza.

Mfano mwingine uko Kilosa, mkoani Morogoro. Huko, kwa mradi ulioanza mwaka 2012, vijiji vilitenga sehemu ya msitu wao kwa ajili ya mkaa. Hukatwa kwa vipande vidogo vidogo, na kipande kilichokatwa hupangiwa kupumzika miaka 24 ili visiki vikue tena. Mchomaji analipa ushuru kijijini. Tunaona basi kwamba hata mkaa unaweza kuwekewa utaratibu, mradi kijiji ndicho kinachoshika msitu.

Na kijiji kinaweza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi. Jambo hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya maliasili huchaguliwa, mipaka huwekwa, na sheria ndogo hutungwa na kupelekwa halmashauri. Bila hatua hizo, kikundi kinaweza kutunza miti miaka mitano, akaja mtu mmoja na msumeno akaimaliza kwa wiki moja.

MANENO YA WENYE SHAKA

Wengine husema, "Mti wa asili unachelewa, nitakufa kabla sijaukata." Ni kweli mninga unachelewa. Lakini asali haingoji mninga ukomae. Machipukizi ya visiki hukua upesi kuliko miche, maana yana mizizi ya zamani. Uyoga na nyasi vinarudi kwanza, maua baadaye, mbao mwisho. Kila umri wa msitu una mavuno yake.

Wengine husema, "Msitu ukirudi, nyani na nguruwe mwitu watakula mahindi yetu." Hilo nalo ni kweli, tusilipuuze. Kwa hiyo eneo la msitu lichaguliwe kwa akili. Liwe vilimani, kando ya vijito na karibu na msitu uliobaki. Lisiwe katikati ya mashamba. Na mbung'o je? Zizi la ng'ombe lisijengwe ukingoni mwa kichaka, na bwana mifugo ashirikishwe tangu siku ya kwanza.

Kijana naye huuliza, "Mimi nahitaji fedha ya leo. Nile miche?" Swali lake ni la haki. Kumkataza kuchoma mkaa bila kumpa kazi nyingine ni maneno matupu. Ndiyo maana tunasema biashara ije kwanza: mizinga, matunda, kitalu cha miche ya kuuza, useremala wa mizinga ya mbao. Vikundi vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu huweza kuomba mkopo wa halmashauri. Mwulizeni ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Kijana mwenye mizinga 20 atakuwa mlinzi wa moto kuliko askari yeyote, kwa sababu kinachoungua ni chake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Kisiki hai ni rahisi kuliko mche mpya.
- Moto wa mwishoni mwa kiangazi huua msitu.
- Mzinga wa gome huua mti, mzinga wa mbao huokoa.
- Mninga mchanga uliokauka usiung'oe.
- Fungu la msitu liwekwe kabla ya kugawana faida.

MAANA YA MANENO

Bani: nyumba ya kukaushia tumbaku.
Chavua: unga wa ua unaowezesha mti kuzaa matunda.
Kinga ya moto: njia iliyolimwa ili moto usivuke.
Kiriba: mfuko mdogo wa kuoteshea mche.
Ngitili: eneo la malisho lililotengwa lipumzike.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja miti mitano ya asili iliyoko kijijini kwenu, na wanyama au wadudu wanaoitegemea.
2. Ni mti gani ambao wazee wenu waliuona mwingi, na leo haupo? Ulikwenda wapi?
3. Katika kijiji chenu, ni eneo gani linalofaa kutengwa? Nani wanalitumia sasa, na mtazungumza nao vipi?
4. Mama ntilie anaweka shilingi 200 kila siku ya kazi. Anafanya kazi siku 25 kwa mwezi. Ataweka shilingi ngapi kwa mwaka?
5. Kikundi kimeuza asali kwa shilingi 1,800,000. Fungu la msitu ni shilingi 5 katika kila 100. Ni kiasi gani?

Majibu ya hesabu: Swali la 4, shilingi 60,000. Swali la 5, shilingi 90,000.